Maisha ya Mfalme wa Hopi Yasisimuliwe Nusu

Kiswahili kina neno shayiri, nalo ni neno la kale lililotufikia kutoka Kiarabu. Kina neno kimea, yaani nafaka iliyoloweshwa ikachipua, kisha ikakaushwa na kusagwa. Ama majina ya pombe yenyewe ni mengi, na kila jamii ina lake. Hata hivyo, lugha yetu haina jina la asili la mmea ambao ndio huipa bia ya chupa uchungu na harufu yake, na kuifanya isiharibike upesi. Mmea huo huitwa hopi. Sababu ya upungufu huo si ngumu kuieleza. Hopi ni mmea utambaao, unaopanda juu ya nguzo na kamba, na ili utoe maua mengi huhitaji siku ndefu za kiangazi. Sisi tuishio karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hatukuwa na sababu ya kukutana nao mashambani. Lugha haikipi jina kitu ambacho wasemaji wake hawajakutana nacho. Kwa hiyo nimelikopa neno hilo, na ninaomba wasomaji wanivumilie nikilitumia.

Ninalitumia kwa kuwa nataka kueleza maisha ya mtu aliyeitwa Mfalme wa Hopi wa dunia nzima. Jina lake ni Ezra Meeker, Mmarekani aliyefariki mwaka 1928 akiwa anakaribia kutimiza miaka 98. Huko kwao, katika jimbo la Washington lililo kaskazini-magharibi mwa Marekani, watoto wa shule humjua vizuri. Huku kwetu hajulikani sana, na huenda mwalimu akauliza tunamhitaji wa nini. Jibu langu ni kwamba tuna desturi ya kuwasimulia wanafunzi maisha ya watu mashuhuri kama mtu anayepanda ngazi: alizaliwa maskini, akafanya bidii, akatajirika, na hadithi ikaishia hapo. Maisha ya Meeker ni ya namna ambayo mtu akiyasimulia nusu atakuwa amefundisha uongo.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1830 katika jimbo la Ohio. Babaye, Jacob, alikuwa mkulima na msaga nafaka, na elimu ya darasani aliyoipata Ezra ilikuwa haba. Mwaka 1851 alimwoa Eliza Jane Sumner, nao wakahamia Iowa kutafuta ardhi. Majira ya baridi ya huko yalipowashinda, waliamua mwaka 1852 kwenda mbali zaidi, hadi pwani ya Bahari ya Pasifiki. Mtoto wao wa kwanza alikuwa mchanga, wa wiki chache tu. Walisafiri kwa gari la kukokotwa na maksai, wakapita nyika na milima kwa muda wa karibu miezi sita, huku kipindupindu kikiwaua wasafiri wengi na kuacha makaburi kando ya njia. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo waliingia Portland wakiwa hai wote watatu. Njia hiyo ndefu huitwa Oregon Trail, na msomaji asiisahau, maana tutairudia.

Kabla ya kufika kwenye hopi, kuna jambo moja ambalo wasimulizi wa mafanikio yake hulipita upesi. Mwaka 1854 serikali iliwatilisha sahihi wenyeji wa asili wa eneo la Puget Sound mkataba uliowapokonya sehemu kubwa ya ardhi yao. Vita vikazuka mwaka uliofuata. Leschi, kiongozi wa watu wa Nisqually, alishtakiwa kwa kumuua askari mmoja wa wanamgambo wa walowezi. Kesi yake ya kwanza ilisikizwa Novemba 1856, na Meeker alikuwa mmoja wa raia kumi na wawili walioapishwa kuamua. Kumi walitaka Leschi ahukumiwe. Meeker na mwenzake mmoja walikataa, kwa hoja kwamba kuua katika vita hakuwi mauaji ya jinai. Jopo likashindwa kukubaliana. Serikali ilimshtaki Leschi mara ya pili, safari hii bila Meeker kuwa miongoni mwa waamuzi, na tarehe 19 Februari 1858 akanyongwa. Meeker hakunyamaza. Mwaka 1905 alitoa kitabu kilichoeleza dhuluma ile kwa urefu. Mwaka 2004, karibu karne moja baadaye, mahakama maalumu ya kihistoria katika jimbo la Washington ilitamka kwamba Leschi hakustahili kushtakiwa kwa mauaji, kwa kuwa alikuwa mpiganaji vitani. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka 25, aliyezungukwa na majirani wenye hasira, alikuwa ameona haki ambayo dola ilichukua karibu miaka 150 kuikiri.

Sasa tuje kwenye hopi. Mwaka 1862 Meeker alihamia bonde la Puyallup, chini ya mlima mrefu uitwao Rainier, wenye theluji mwaka mzima. Mwaka 1865 mtengenezaji bia mmoja wa mji wa Olympia, aliyechoshwa na gharama ya kuagiza hopi kutoka mbali, alimpa mzee Jacob Meeker mizizi ya mmea huo aijaribu. Jacob akamgawia mwanawe. Udongo wa bonde lile ulikuwa wa mbolea ya mto, mweusi na wenye kina, na hopi zilistawi kupita matarajio. Fedha walizopata katika mavuno ya kwanza zilikuwa nyingi kuliko zilizozoeleka kuonekana kwa wakulima wa bonde lile, na habari ikaenea. Katika muda mfupi majirani waling'oa mazao mengine wakapanda hopi.

Meeker alikuwa mbele yao wote. Alijenga matanuri ya kukaushia maua ya hopi, kwa maana ua la hopi likichumwa halingoji. Lisipokaushwa mara moja huoza. Shamba lake lilipanuka likafikia ekari 500. Alinunua mavuno ya wengine, akawakopesha wakulima fedha kabla ya msimu, na akaanza kusafirisha shehena moja kwa moja hadi London. Mwaka 1882 mavuno ya Ulaya yaliharibika, na bei ikapanda hadi ikapita dola moja kwa ratili. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha kueleza ukulima wa hopi nchini Marekani, akawa mwalimu wa wengine. Wasomaji walio na umri kama wangu watakumbuka hali iliyofanana na hiyo hapa Kenya. Baridi kali iliiunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, nasi tukavuna utajiri wa kahawa mwaka 1976 na 1977. Msiba wa mkulima mmoja ulikuwa neema ya mwingine, na aliyeneemeka akadhani neema ile ni desturi.

Mwaka 1877 Meeker alipima viwanja vya mji na kuupa jina Puyallup, kwa jina la watu wa asili wa bonde lile. Kwa mwanaisimu jambo hili lina utamu wake, kwani baadaye Meeker mwenyewe alikiri kwamba jina lile lilimsumbua sana alipokwenda Uingereza kibiashara, kwa kuwa wageni walishindwa kulitamka na kuliandika. Hata hivyo jina lilibaki, na linatumika hadi leo. Mwaka 1890 mji ulipopewa hadhi ya manispaa, yeye ndiye aliyekuwa meya wa kwanza. Mwaka huo huo jumba lake la vyumba 17 lilikamilika. Kibanda cha magogo alimoishi na Eliza hapo mwanzo kilikuwa kimesahaulika.

Nani aliyezichuma hopi hizo zote? Hapa ndipo masimulizi ya kawaida hupungukiwa. Msimu wa kuchuma ulikuwa mfupi, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Septemba, nao ulihitaji maelfu ya mikono. Wachumaji wengi walikuwa wenyeji wa asili, waliokuja kwa mitumbwi mikubwa kutoka pwani ya British Columbia na hata Alaska, wakiwa na wake, watoto na wazee wao. Walilipwa kwa kila sanduku walilojaza. Wapo pia Wachina, ambao walowezi wengi waliwachukia. Mnamo Septemba 1885, katika bonde jirani la Squak, kundi la watu lilivamia kambi ya Wachina wachuma hopi usiku na kuwaua watatu. Meeker alikuwa miongoni mwa wachache waliopinga hadharani harakati za kuwafukuza Wachina.

Wachumaji, wenye mashamba na wafanyabiashara walizungumza kwa lugha iliyoitwa Chinook Wawa, yaani lugha ya mchanganyiko iliyoundwa na haja ya biashara. Maneno yake yalitoka katika lugha kadhaa za wenyeji, na mengine katika Kifaransa na Kiingereza. Wanafunzi wangu wa isimu wanaosoma habari za Kisetla, kile Kiswahili kilichokatwakatwa cha mashamba ya walowezi hapa Kenya, hawatashangaa. Panapokuwa na shamba kubwa, mwenye mali mgeni na vibarua wa makabila mengi, lugha ya namna hiyo huzaliwa. Tofauti ni kwamba Chinook Wawa ilikuwa ikitumiwa na wenyeji wenyewe kwa wenyewe pia, na wapo wanaojitahidi kuihuisha hata leo.

Isitoshe, mashamba yale yaligeuka kuwa mahali pa matembezi. Watu wa mijini, kutoka Tacoma na Seattle, walipanda gari la moshi siku za mapumziko kwenda kuwatazama wachumaji. Waliwapiga picha, wakanunua vikapu vyao, wakarudi mjini kusimulia waliyoyaona. Leo jambo la namna hiyo tungeliita utalii wa mashambani. Wenyeji wa asili hawakuwa sanamu za kutazamwa tu. Walitumia msimu ule kukutana na jamaa, kufanya biashara, kucheza michezo yao na kuposa, mambo ambayo serikali na wamisheni walikuwa wakiyabana kwingineko. Lakini katika picha nyingi zilizobaki wao hawana majina. Mwenye shamba anajulikana kwa tarehe yake ya kuzaliwa. Aliyejaza sanduku hajulikani.

Kisha yakaja maangamizi. Kuanzia mwaka 1891 mashamba ya hopi ya bonde lile yalivamiwa na vidukari, wadudu wadogo wanaonyonya utomvu wa majani. Katika shamba la mazao mchanganyiko mdudu wa zao moja hukutana na vizuizi. Katika bonde lililojaa hopi mwanzo hadi mwisho, alipata karamu isiyokuwa na ukomo. Wakulima walinyunyizia dawa za sabuni, gharama zikapanda, na ubora wa maua ukashuka. Kabla hawajapata nafuu, mwaka 1893 mabenki ya Marekani yakaanguka na bei ikaporomoka. Meeker alikuwa amewakopesha wakulima wenzake zaidi ya dola laki moja. Hawakuweza kulipa. Alikuwa na haki ya kuwapeleka mahakamani na kuwanyang'anya ardhi, naye hakufanya hivyo; aliwasamehe. Yeye mwenyewe hakuwa na wa kumsamehe kwa kiasi hicho, na utajiri wa miaka 26 ukatoweka.

Mwalimu anayesimulia hadi mwaka 1890 atasema kwamba anayepanda zao lenye bei hutajirika. Anayesimulia miaka mitatu zaidi atasema kinyume chake. Sisi tunapaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Wakati mmoja Kenya iliongoza dunia nzima kwa pareto, na kuna familia nyingi zilizosomesha watoto wao kwa maua yale meupe. Baadaye malipo yalichelewa, mitambo ikanyamaza, na wakulima wakaing'oa. Hata leo wakulima wa shayiri wa Narok, Nakuru na Timau hutegemea kwa kiasi kikubwa mikataba ya watengenezaji bia wachache, ambao wakibadili mipango yao shayiri hubaki ghalani. Simlaumu mkulima anayefuata bei. Ninasema tu kwamba aliyemweleza habari za mafanikio bila habari za maanguko hakumtendea haki.

Meeker alikuwa na zaidi ya miaka 60 alipofilisika. Mwaka 1898, baada ya dhahabu kugunduliwa Klondike, alikwenda kule kwenye baridi kuwauzia wachimbaji mboga zilizokaushwa, akavuka milima kwa miguu na maji kwa mashua. Fedha alizozipata huko hazikudumu. Ndipo alipogeukia kitu ambacho hakuna mdudu angeweza kukila, nacho ni kumbukumbu ya ile njia aliyoipita mwaka 1852.

Tarehe 29 Januari 1906, akiwa na miaka 75, aliondoka Puyallup kwa gari la maksai wawili, Twist na Dave, kuirudia Oregon Trail kutoka magharibi hadi mashariki. Wengi walimwona kama mzee aliyerukwa na akili. Njia ilikuwa ikifutika, wakulima wakiilima na miji ikiifunika. Katika kila mji alihutubia, akawahimiza wenyeji wachangishe fedha za kusimika mawe ya ukumbusho. Alijikimu kwa kuuza postikadi na vitabu vyake. Twist alikufa njiani, akatafutwa maksai mwingine aliyeitwa Dandy. Mnamo Novemba 1907 mzee yule alilifikisha gari lake Washington, D.C., na Rais Theodore Roosevelt akatoka kulitazama. Eliza alifariki mwaka 1909. Meeker aliendelea. Alirudia safari kwa maksai kuanzia 1910, kwa motokaa mwaka 1916, na mwaka 1924, akiwa na miaka 93, aliruka kwa ndege ya jeshi juu ya njia aliyoipita kwa miezi akiwa kijana. Mwaka 1926 bunge la Marekani liliidhinisha sarafu ya ukumbusho wa Oregon Trail ili mauzo yake yagharimie mawe ya njia hiyo. Alikuwa akijiandaa kwa safari nyingine ya motokaa alipougua, akafariki Seattle tarehe 3 Desemba 1928.

Jumba lake la Puyallup sasa ni makumbusho yanayotembelewa na wageni. Mashamba ya hopi yalihamia upande wa pili wa milima, kwenye bonde kavu la Yakima, ambako hewa haina unyevu unaopendwa na maradhi ya mmea huo. Jimbo la Washington hutoa sehemu kubwa kabisa ya hopi za Marekani. Mwaka 1982 Bert Grant alifungua mjini Yakima kiwanda kidogo cha bia chenye baa yake, cha kwanza cha aina hiyo Marekani tangu marufuku ya pombe ilipoondolewa mwaka 1933, na tangu hapo viwanda vidogo vimeongezeka mno. Wageni huenda Yakima wakati wa mavuno kuona maua yakichumwa kwa mashine, na katika mji wa Toppenish, ulio ndani ya ardhi waliyotengewa watu wa Yakama, kuna makumbusho ya hopi peke yake. Walioifaidi historia ya kilimo kile wamejua kwamba shamba lina thamani mbili, ya kinachovunwa na ya kinachosimuliwa.

Huku kwetu pia kuna wakulima wanaofungua mashamba ya chai, kahawa na maua kwa wageni, na ninawaunga mkono. Ninachowaomba wao, na walimu wanaowapeleka wanafunzi huko, ni kutosimulia nusu. Mgeni aonyeshwe mtambo na jumba la mwenye shamba, lakini aelezwe pia ardhi ile ilikuwa ya nani kabla yake, nani aliyepanda, nani aliyechuma, walilipwa kiasi gani na walizungumza lugha gani. Aelezwe mwaka wa bei nzuri na mwaka wa mdudu. Mawe ya Meeker yalisimikwa kwa ajili ya waliokuja na magari ya maksai, naye alistahili kuwaenzi, kwa kuwa wengi wao walikufa njiani. Wale waliokuwapo kabla yao, na waliokuja kwa mitumbwi kumchumia hopi zake, hawakusimikiwa mawe ya namna hiyo. Ajabu ni kwamba Meeker huyo huyo ndiye aliyekiandikia kizazi kilichofuata kisa cha Leschi. Alijua kuwa historia ina upande wa pili, na kwa Leschi alijaribu kuusema.

Basi mwanafunzi akiulizwa katika insha amtaje mkulima mashuhuri, namshauri amfikirie Meeker, lakini asiishie kwenye jumba la vyumba 17. Ataje vidukari, ataje deni lililosamehewa, ataje mzee wa miaka 75 akitembea kando ya maksai wake, na awataje wachumaji. Mwalimu atakayesahihisha insha hiyo atahitaji kuisoma polepole kidogo kuliko zile nyingine.